Kufuatilia Nishati Katika Saketi ya Mota Ndogo: Mwongozo wa Jaribio la Kufanyia Nyumbani Lamu

Mota ya umeme imo katika vyombo vingi vya nyumba za Lamu: katika feni ya darini, katika pampu inayopandisha maji hadi tangi lililo juu ya paa, katika friji ya muuza samaki, na hata katika simu inayotetema mfukoni. Vitabu vya shule huieleza kazi yake kwa mstari mmoja, kwamba nishati ya umeme hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Mstari huo ni wa kweli, lakini umepungukiwa, kwa sababu hausemi ni kiasi gani hasa kinachogeuka, kilichobaki kinakwenda wapi, wala nini hutokea mota inapokwama huku umeme ukiendelea kuingia. Mwongozo huu unamwelekeza mwalimu, mwanafunzi wa shule ya upili au fundi anayejifunza namna ya kufunga saketi ndogo, kuinulia mzigo, na kuandika hesabu ya kila jouli, yaani kila kipimo cha nishati, iliyotoka kwenye betri.

Nyumba za mawe za mji wa kale zinalifaa sana jaribio hili. Ua wa ndani uliozungukwa na ghorofa huwezesha uzi kuning'inia mita 3 au zaidi bila kuyumbishwa na upepo. Asiye na nyumba ya namna hiyo anaweza kutumia ngazi za shule au mti mrefu, ila achague saa ambayo upepo umetulia, maana mzigo unaoyumba hugusa ukuta na kuharibu vipimo.

Vifaa

Kifaa kikuu ni mota ndogo ya volti 3 inayotumia mkondo mnyoofu, yaani mkondo usiogeuka upande. Mota za aina hiyo hupatikana ndani ya magari ya watoto yaliyovunjika, feni ndogo za mkononi na redio za kaseti zilizotupwa. Ikiwezekana tafuta mbili: moja ya kufanyia kazi, na nyingine, hata kama imekufa, ya kufungua. Ongeza mawe mawili makubwa ya tochi, yaani betri, pamoja na kishikio chake, swichi, vipande vya waya laini, na maltimita moja ya kawaida, kifaa cha kupimia volti na ampea ambacho mafundi wa redio hutumia.

Kwa uzi, watu wa pwani hukimbilia mshipi wa kuvulia. Haufai hapa, kwa kuwa huteleza juu ya mhimili mwembamba wa mota na haukubali kujizungushia vizuri. Uzi wa pamba, wa aina inayotumika kushonea kofia, hushika vyema na una nguvu ya kutosha kwa mzigo wa gramu 100. Mzigo wenyewe uwe chupa ndogo ya plastiki yenye maji, kwa kuwa mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1, na bomba la sindano kutoka duka la dawa litakuwezesha kuongeza au kupunguza kidogo kidogo. Chupa tupu pamoja na kifuniko nayo ina uzito wake. Sonara yeyote mwenye mizani ya kupimia fedha atakupimia kwa muda mfupi, na matokeo yake yatakuwa sahihi kuliko ya mizani ya dukani.

Maonyo ni mawili. Usiunganishe saketi hii na umeme wa ukutani, ambao ni wa volti 240 na unaua. Usitumie pia betri za lithiamu zilizotolewa kwenye simu au kompyuta, kwa sababu sehemu moja ya jaribio inahitaji kuizuia mota kwa makusudi, na betri za aina hiyo zikilazimishwa kutoa mkondo mkubwa zinaweza kushika moto.

Hatua ya kwanza: kuifungua mota iliyokufa

Kabla ya kupima chochote, ifungue ile mota iliyokufa. Nyanyua vile vishikizo viwili vya bati vilivyokunjwa nyuma kwa bisibisi ndogo, kisha vuta kifuniko. Utaona sumaku mbili zilizopinda zikiwa zimeshika ukuta wa kopo. Katikati kuna mhimili wenye vipande vitatu vya chuma, na kila kipande kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi. Mwishoni mwa mhimili kuna pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu, ambayo ndiyo komuteta, na juu yake hugusa ndimi mbili nyembamba za shaba, ambazo ndizo brashi.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme hugeuza sindano ya dira. Mwaka uliofuata Michael Faraday, huko London, aliufanya waya wenye mkondo uzunguke bila kukoma kando ya sumaku. Mota iliyo mkononi mwako inafuata kanuni hiyo hiyo: mkondo ukipita katika koili, yaani ule waya uliozungushwa, koili inakuwa sumaku, nayo inasukumana na sumaku za ukutani. Komuteta hubadilisha upande wa mkondo kila mhimili unapofika mahali ambapo ungesimama, ndipo mzunguko ukaendelea.

Angalia pia uchafu mweusi uliotanda kwenye komuteta. Huo ni shaba iliyosagika na kuungua kwa cheche, na ni ushahidi unaoonekana kwa macho kwamba si nishati yote iliyoingia humu iliyotoka kupitia mhimili.

Hatua ya pili: kufunga saketi

Unganisha mawe mawili kwa mfuatano, chanya ya moja iguse hasi ya jingine, kisha swichi, kisha mota. Mota ifungwe imara juu ya ubao kwa tepu au waya, na ubao ufungwe kwenye ukingo wa ghorofa kiasi kwamba mhimili unatokeza nje ya ukingo. Kata kipande kifupi cha mrija wa wino wa kalamu ya biro iliyokwisha, ukisafishe, na ukivishe juu ya mhimili. Mara nyingi hukaza bila gundi. Mrija huo hunenepesha mhimili hadi milimita 3 hivi na kuupa uzi mahali pa kushika. Funga ncha ya uzi kwenye mrija, uzungushe mara chache kwa mkono, na ncha ya pili uifunge kwenye shingo ya chupa.

Kuhusu maltimita, fuata utaratibu huu bila kuruka. Ikipima mkondo, lazima iwe ndani ya njia ya umeme: kata njia mahali pamoja na uiweke maltimita katikati, waya wake mwekundu ukiwa kwenye tundu la ampea 10. Ikipima volti, iguse miguu miwili ya mota kutoka nje, bila kukata chochote. Kosa linalounguza fyuzi za maltimita kuliko yote ni kuisahau kwenye ampea na kuigusisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Kwa kuwa una maltimita moja tu, utainua mzigo ule ule mara mbili, mara ya kwanza ukisoma ampea na mara ya pili ukisoma volti.

Hatua ya tatu: mota ikizunguka bure

Toa uzi, washa, na usome. Mota ya aina hii isiyo na mzigo kwa kawaida huchukua mkondo mdogo, tuseme ampea 0.15 kwa volti 3. Nishati inayoingia kila sekunde ni volti mara ampea, yaani 0.45, na kipimo chake ni wati. Wati 1 ni jouli 1 kwa kila sekunde.

Hapa mwanafunzi makini atauliza swali zuri: mota haiinui kitu, na kasi yake haiongezeki tena, basi hizo jouli 0.45 za kila sekunde zinakwenda wapi? Zote zinatoka kama joto na sauti. Brashi zinasuguana na komuteta, mhimili unasuguana na vishikio vyake, hewa inakorogwa ndani ya kopo, na vile vipande vya chuma vinapata joto kwa kugeuzwa sumaku huku na huku maelfu ya mara kwa dakika. Nishati ya mwendo iliyomo ndani ya mhimili ililipwa mara moja tu, katika ile nusu sekunde ya mwanzo mota ilipokuwa ikipata kasi.

Hatua ya nne: ukinzani wa koili

Ukinzani ni kiasi ambacho waya huuzuia mkondo, na kipimo chake ni omu. Maltimita nyingi za bei nafuu hazipimi vyema ukinzani ulio chini ya omu chache. Njia bora ni kuushika mrija kwa vidole ili mota isizunguke kabisa, kuwasha kwa sekunde mbili, kusoma ampea, kuzima, kuacha ipoe, kisha kurudia kwa kusoma volti. Gawanya volti kwa ampea. Ikiwa umepata volti 2.2 na ampea 1.46, ukinzani ni omu 1.5 hivi. Usizidishe sekunde hizo mbili. Sababu yake itaelezwa kwa urefu hapa chini.

Hatua ya tano: kuinua mzigo

Jaza chupa hadi uzito wote ufike gramu 100. Pima kwa utepe wa fundi kimo kutoka chini hadi alama utakayoweka mita 3 juu, chini kidogo ya mota. Kazi hii inataka watu wawili: mmoja kwenye swichi, na mwingine anayerekodi kwa simu uso wa maltimita. Kurekodi kwa video ni bora kuliko kukodoa macho, kwa sababu namba hubadilika upesi, na video hiyo hiyo itakupa muda wa safari ya mzigo ukiisikiliza sauti ya mota ikianza na kukoma. Anayeshika swichi azime mzigo unapofika kwenye alama, kwani chupa ikigonga ubao mota itakwama na uzi utakatika.

Utaona kwamba ampea huruka juu mwanzoni, kisha hutulia. Andika ile iliyotulia. Mzigo ukipanda kwa kasi mno hata hesabu ya sekunde haiaminiki, ongeza maji. Ukipanda kwa kusuasua, punguza.

Hatua ya sita: kuandika hesabu

Tuchukue mfano wenye vipimo ambavyo mota ya namna hii huweza kutoa. Mawe mawili yasiyounganishwa na kitu yana volti 3.1. Mzigo ukiwa unapanda, volti kwenye miguu ya mota ni 2.6, mkondo ni ampea 0.8, na safari ya mita 3 inachukua sekunde 4.

Nishati ya umeme iliyoingia kwenye mota ni 2.6 mara 0.8 mara 4, sawa na jouli 8.32. Nishati ambayo mzigo umeipata kwa kupanda ni uzito wake wa kilo 0.1, mara 9.8 ya mvutano wa dunia, mara mita 3, sawa na jouli 2.94. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: mota imefikisha asilimia 35 tu ya ilichopewa. Hii si mota mbovu. Mota ndogo za kuchezea ndivyo zilivyo, ilhali mota kubwa za viwandani hupita asilimia 90, na tofauti hiyo hutokana na waya mnene zaidi, vishikio vyenye gololi, na nafasi finyu kati ya sumaku na chuma kinachozunguka.

Sasa tutafute jouli zilizopotea. Joto linalozaliwa katika waya hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani, kisha kwa muda, kanuni ambayo mwanafizikia wa Uingereza James Prescott Joule aliithibitisha kwa vipimo vyake mwanzoni mwa miaka ya 1840. Kwa mota yetu ni 0.8 mara 0.8 mara 1.5 mara 4, yaani jouli 3.84. Tazama vyema namba hiyo: koili imejipasha joto kwa nishati nyingi kuliko ile iliyoinua mzigo. Ukijumlisha 2.94 na 3.84 unapata 6.78, na zinabaki jouli 1.54 za msuguano, cheche, sauti na ule upashaji joto wa chuma. Wanafunzi wengi hudhani kasi ya mzigo imechukua sehemu kubwa ya hizo zilizobaki. Haikuchukua: kilo 0.1 inayokwenda mita 0.75 kwa sekunde ina nishati ya mwendo ya jouli 0.028 tu. Sauti nayo, ingawa inasumbua masikio, hubeba nishati ndogo sana.

Hesabu haijafungwa, kwa sababu hatujauliza betri. Mawe yalikuwa na volti 3.1 yakiwa yamepumzika na 2.6 yakiwa kazini. Ile nusu volti imebaki ndani ya mawe yenyewe, kwa kuwa nayo yana ukinzani. Nusu volti mara ampea 0.8 mara sekunde 4 ni jouli 1.6, nazo zimekuwa joto ndani ya betri kabla hazijaonja mota. Kwa hiyo nishati ya kemikali iliyotumika ni jouli 9.92, na daftari linakamilika hivi: 1.6 ndani ya mawe, 3.84 katika waya wa koili, 1.54 katika msuguano na mengineyo, na 2.94 kwenye mzigo. Mkusanyiko wake ni 9.92 kamili. Vipimo vyako halisi havitalingana kwa usafi huu, na tofauti ya sehemu ya kumi si jambo la kuhangaisha. Lakini ukikuta mzigo umepata zaidi ya ilichopewa mota, umesoma kipimo vibaya, basi rudia.

Nishati hiyo ya kemikali inatoka wapi? Katika mawe ya kawaida ya bei nafuu, kopo la jiwe lenyewe ni zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kadiri umeme unavyotoka. Ndiyo maana jiwe lililosahauliwa ndani ya tochi hutoboka na kuvuja. Zinki ni nishati ghali. Mwishoni mwa miaka ya 1830, mhandisi Moritz Jacobi aliendesha mashua yenye abiria kwa mota ya umeme na betri za zinki katika mto Neva, mjini Saint Petersburg, na mashua ilikwenda. Lakini Joule alipopiga hesabu zake miaka michache baadaye aliona kwamba ratili moja ya zinki hufanya kazi ndogo kuliko ratili moja ya makaa ya mawe katika injini ya mvuke, huku bei yake ikiwa kubwa zaidi. Mota ilisubiri hadi ulipopatikana umeme wa bei nafuu kutoka mashine zinazozungushwa. Kwa kulinganisha, yuniti moja ya umeme unayonunua kwa tokeni ina jouli 3,600,000. Kama pasingekuwa na upotevu, ingeinua chupa yetu mita 3 zaidi ya mara milioni 1.2.

Hatua ya saba: kuizuia mota kwa makusudi

Hii ndiyo sehemu ambayo ningemsihi mwalimu asiiruke hata kama kipindi kinakaribia kwisha. Mota inapozunguka, koili zake zinakatiza uga wa sumaku, na kwa hiyo zinazalisha volti yao wenyewe inayopinga ile ya betri. Katika mfano wetu, volti 2.6 zimefika kwenye mota, lakini ukinzani wa koili umechukua 0.8 mara 1.5, yaani volti 1.2. Volti 1.4 zilizobaki ndizo volti hiyo ya kinyume. Izidishe kwa ampea 0.8 na sekunde 4, na utapata jouli 4.48, ambazo ni zile 2.94 za mzigo na 1.54 za msuguano zikiwekwa pamoja. Hili halikutokea kwa bahati. Volti ya kinyume ndiyo mlango pekee ambao nishati ya umeme hupitia kuwa mwendo. Yote isiyopita hapo hubaki kwenye waya kama joto.

Shika mrija mota isizunguke, na mlango huo umefungwa. Hakuna mzunguko, hakuna volti ya kinyume, basi hakuna kinachouzuia mkondo isipokuwa ukinzani wa waya. Ampea zinapanda kutoka 0.8 hadi karibu 1.5, na joto la koili, ambalo hukua kwa mraba wa mkondo, linatoka wati 0.96 hadi wati 3.2. Kila jouli inayoingia inakuwa joto. Weka kidole kwenye kopo la mota baada ya sekunde chache na utalihisi. Ukiendelea, utasikia harufu ya vanishi, na vanishi ikiungua nyaya hugusana na mota huwa imekwisha.

Ndiyo maana feni ambayo vishikio vyake vimeshikwa na kutu ya chumvi inavuma bila kuzunguka huku ikizidi kupata moto, na ndiyo maana pampu iliyosakamwa na mchanga huungua ikiwa hakuna swichi ya kuikata. Mota za umeme wa ukutani zina muundo tofauti na hii yetu, lakini katika jambo hili zinafanana nayo: zikikwama huvuta mkondo mkubwa kuliko ule wa kawaida. Anayekuta mota imekwama na ina moto azime kwanza, kisha ndipo atafute chanzo. Kuisukuma kwa kijiti huku umeme ukiwaka, kama inavyofanywa mara nyingi kwa feni, ni hatari kwa mkono na hakuondoi kilichoizuia.

Hatua ya nane: kurudisha nishati nyuma

Shika mzigo kwa mkono ukiwa juu, tenganisha waya za mota na betri, na uziache ncha zake mbili bila kugusana. Achia mzigo: utashuka kwa haraka ukiuzungusha mhimili kinyume. Upandishe tena, na safari hii zigusishe ncha mbili za mota pamoja kabla ya kuachia. Mzigo utashuka polepole, kana kwamba umefungwa breki. Mota imegeuka jenereta. Mzigo unaposhuka unazalisha mkondo, mkondo unapita katika koili ileile, na zile jouli 2.94 zilizowekwa juu kwa taabu zinaishia kuwa joto la waya na la msuguano. Ukiweka maltimita kati ya ncha hizo badala ya kuzigusisha, utaisoma ile volti ya kinyume ikiwa peke yake.

Kutoka mota ndogo hadi pampu ya maji

Maji ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyo katika machuguu ya mchanga ya Shela, na nyumbani hupandishwa tena hadi juu ya paa. Anayetumia pampu ndogo ya volti 12 inayoendeshwa kwa sola anaweza kuipima kwa utaratibu ule ule, akiweka maji badala ya chupa. Tuseme pampu imejaza lita 100 kwenye tangi lililo mita 6 juu ya uso wa maji kisimani kwa dakika 5, ikichukua ampea 5. Maji yamepata 100 mara 9.8 mara 6, yaani jouli 5,880. Umeme ulioingia ni 12 mara 5 mara sekunde 300, yaani jouli 18,000. Ufanisi ni karibu asilimia 33.

Andika namba hizo pampu ikiwa mpya, na uzipime tena kila baada ya miezi michache. Ikiwa muda wa kujaza umerefuka na ampea zimepanda, kuna kitu kinachoizuia mota, nacho mara nyingi ni mchanga au vishikio vilivyoanza kuharibika. Ikiwa muda umerefuka na ampea zimeshuka, katika pampu zinazosukuma maji kwa kuyazungusha, maji yanayopita yamepungua: chujio limeziba, bomba linavuta hewa, au kile kipande kinachozungusha maji kimelika kwa chumvi. Na kama ampea hazikubadilika sana lakini pampu imedhoofu, pima volti mahali pawili, kwenye betri na kwenye miguu ya pampu, huku pampu ikifanya kazi. Ukikuta 12 upande mmoja na 10.8 upande wa pili, kwa zile ampea 5 waya na viungo vyake vinameza wati 6 muda wote. Hewa ya bahari huviozesha viungo vya shaba hata ndani ya tepu. Vifungue, visugue kwa msasa hadi shaba ing'ae, vikaze upya, uvipake grisi, kisha upime volti tena kabla ya kufikiria kununua pampu nyingine.